Bei ya Gari na Gharama ya Gari: Tuketi Kwanza Tuhesabu



Katika parokia zetu za Kivu na Ituri kuna swali linalorudi kila mwaka: je, tununue gari? Wakati mwingine linaulizwa na familia iliyopata feza kidogo kutoka biashara, shamba, au mtoto anayefanya kazi mbali. Wakati mwingine linaulizwa na kamati ya parokia inayotaka mchungaji afike kwenye makanisa madogo ya vijijini. Na mara nyingi jibu linatolewa kwa kuangalia jambo moja tu: bei. Mwenye kuweza kulipa bei ananunua. Asiyeweza anaendelea kuomba siku yake ifike.

Katika Luka 14:28-30 Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu. Tuangalie vizuri: mtu huyo hakukosa feza ya kuanza, kwa maana msingi aliuweka. Alikosa feza ya kumaliza. Ndivyo ilivyo kwa magari mengi yaliyosimama nyuma ya nyumba katika mitaa yetu. Matairi yameisha upepo, majani yameota chini yake, na kuku wanatagia ndani. Feza ya kununua ilikuwako. Ile ya kulitunza haikuhesabiwa.

Katika makala hii tunataka kuhesabu pande mbili: gharama ya kuwa na gari, na gharama ya kuishi bila gari. Kuishi bila gari pia kuna gharama, na mara nyingi inalipwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Gari hili limetoka wapi?

Magari madogo tunayoyaona Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Yanashuka kwenye bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, kisha yanakuja kwa barabara hadi mipaka yetu, kama vile Kasindi na Mahagi, au yanapitia Rwanda na Burundi. Usukani wake uko upande wa kuume kwa sababu Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Kwa hiyo dereva wetu anakaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori mbele yake, lazima atoe nusu ya gari barabarani kabla hajaona kinachokuja. Hiyo ni gharama ya kwanza, wala haiandikwi kwenye karatasi ya duane.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Mjapani anaachilia gari ambalo bado linatembea vizuri? Sababu moja ni sheria ya kwao. Gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, na tangu hapo kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni wa bei kali, na gari likizeeka linadai matengenezo zaidi ili lipite. Wengi wanaona heri waliuze. Tufikiri jambo hilo: mwenye gari wa kwanza aliketi akahesabu gharama ya kulitunza, akaliacha. Sisi tunalipokea pale alipokomea, tena tunalipeleka kwenye mawe ya lava ya Goma, matope na milima ya Bukavu, vumbi jekundu la Butembo, au mlima wa Ngomo kwenye njia ya Uvira.

Mwaka mmoja wa gari

Tuchukue mfano. Hizi si bei za mji fulani. Kila msomaji aweke bei za kwao. Tuseme familia inanunua gari dogo kwa dola 5000, duane imelipwa na plaki imewekwa. Wanataka kulitumia miaka 5, na wanatumaini kuliuza dola 2000 mwishoni.

Gharama ya kwanza ni kushuka kwa thamani. Kutoka 5000 hadi 2000 ni dola 3000 zilizopotea katika miaka 5, yaani dola 600 kila mwaka. Hakuna mtu anayekuja mlangoni kuzidai, ndiyo sababu hatuzioni. Lakini zinaondoka hata siku ambazo gari limelala.

Ya pili ni karatasi: bima, vinyeti, kontroli tekniki na ushuru mwingine wa mahali. Tuseme dola 250 kwa mwaka. Hapa tuelewe jambo moja. Bima ambayo sheria inalazimisha ni kwa ajili ya kumlipa mtu uliyemgonga au uliyemharibia mali. Haitengenezi gari lako mwenyewe. Wengi wanajua hilo siku ya ajali.

Ya tatu ni esansi. Kilomita 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni kilomita 6000. Gari lililozeeka, kwenye barabara mbaya na vitesi vidogo, linaweza kunywa lita 12 kwa kilomita 100. Hizo ni lita 720. Tukisema lita moja ni dola 1 na senti 40, tunafika dola 1008.

Ya nne ni garaji. Mafuta ya injini na filta, dola 150. Matairi manne yanayobadilishwa kila miaka 2, dola 140 kwa mwaka. Amortiseri, breki na vipuri vingine vinavyovunjwa na mashimo, dola 400. Kuosha na kulipa mlinzi wa usiku, dola 120.

Tukijumlisha yote: 600, 250, 1008, 150, 140, 400 na 120, tunapata dola 2668 kwa mwaka. Hiyo ni karibu dola 222 kila mwezi, miaka 5 mfululizo. Gari la dola 5000 litakuwa limekula zaidi ya dola 13000 kabla halijaondoka mikononi mwetu.

Tena kuna fungu moja ambalo hesabu za ng'ambo haziliandiki, lakini sisi hatuwezi kuliacha. Katika mitaa yetu, mwenye gari ni ambulansi ya majirani. Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, watu wanagonga mlango wako. Mtoto akipata degedege, ni wewe. Maiti ikitoka hospitali, ni wewe. Harusi ya binti wa shemasi, ni wewe. Mkristo hawezi kufunga mlango huo na bado aje kushiriki meza ya Bwana kwa amani. Kwa hiyo na aliandikie fungu tangu mwanzo. Kilomita 30 kwa juma kwa ajili ya wengine ni kama 1500 kwa mwaka, yaani lita 180, dola 252. Jumla inakuwa dola 2920, karibu dola 243 kwa mwezi.

Asiyeliandika fungu hilo ataanza kujificha. Atazima taa akisikia hodi. Atasema esansi imekwisha wakati bado iko. Hivyo gari lililonunuliwa kuwa baraka linamfundisha kusema uongo, na ubaya huo hautokani na moyo wa chuma, bali na hesabu ambayo haikufanywa.

Mwaka mmoja bila gari

Sasa familia ile ile bila gari. Baba na mama wanakwenda kazini kwa pikipiki, kwenda na kurudi, yaani safari 4 kwa siku. Kwa senti 50 kila safari, siku 300, ni dola 600. Jumapili familia nzima inachukua taksi kwenda kanisani na kurudi, dola 4 kila juma, dola 208 kwa mwaka. Mara 10 kwa mwaka wanakodi gari kwa ajili ya ugonjwa, msiba au arusi, dola 20 kila mara, yaani dola 200. Kusafirisha mizigo ya chakula na makaa, dola 8 kwa mwezi, dola 96. Jumla ni dola 1104.

Tofauti kati ya 2920 na 1104 ni dola 1816 kwa mwaka. Kwa familia nyingi hiyo ni feza ya shule ya watoto, mabati ya nyumba, au kiwanja. Baba anayesema «nanunua gari kwa ajili ya watoto» na aulize kwanza kama si watoto watakaolilipa kwa kufukuzwa darasani.

Gharama ambazo hazina risiti

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kuishi bila gari ni hekima na kuwa nalo ni kiburi. Upande huu pia una gharama zisizoandikwa.

Kuna wakati unaopotea. Kungojea chini ya mvua, kutembea kwa sababu pikipiki zimepandisha bei, kufika kazini umechelewa: hayo yote yanakula siku za mtu.

Kuna mwili. Wengi wetu tunapanda pikipiki bila kofia ya kinga, watatu au wanne pamoja, mtoto katikati. Wauguzi wetu wanajua ni mifupa mingapi iliyovunjika inayofika kwao kwa njia hiyo. Senti 50 za safari hazionyeshi hatari hiyo.

Kuna mgongo wa mama. Tukisema familia fulani «haitumii feza kwa usafiri», mara nyingi maana yake ni kwamba mama anabeba. Anabeba muhogo, kuni, maji, na mtoto. Kilomita zake hazimo katika hesabu ya nyumba kwa sababu hakuna anayemlipa. Ndugu zetu wa Goma na Masisi walitafuta jibu lao wenyewe: chukudu, ile ya miti, inayobeba mamia ya kilo bila tone la esansi. Inatukumbusha kwamba kati ya gari na mgongo kuna njia nyingine. Hata kumlipa mtu wa chukudu mara mbili kwa juma ni kumhesabia mama gharama yake.

Na kuna usiku. Yule mama mwenye uchungu saa nane za usiku, kama mtaa mzima hauna gari, gharama yake inaweza kuwa uhai. Katika kijiji kilicho mbali na hospitali, hesabu ya dola tuliyoifanya juu haitoshi kuamua.

Hatimaye kuna vita. Katika sehemu zetu gari limewatoa watu kwenye hatari kwa saa moja, wakati wengine walitembea siku tatu. Gari hilo hilo limewaita wezi usiku, au limechukuliwa kwa nguvu na wenye bunduki, na mwenyewe akabaki na deni. Anayenunua kwa mkopo ajiulize: likichukuliwa kesho, nitalipa deni kwa nini?

Gari la parokia

Yote tuliyosema yanahusu kanisa pia, tena zaidi, maana feza ni sadaka ya wajane na wakulima.

Kwanza, gari la zawadi si gari la bure. Marafiki wa ng'ambo wakitupa gari, wametuondolea bei. Katika mfano wetu, tukiacha ile dola 600 ya kushuka thamani, bado zinabaki zaidi ya dola 2000 kila mwaka. Nani atazilipa? Kama kamati haiwezi kujibu, ni afadhali kuwaandikia wafadhili kwa unyenyekevu na kuuliza kama zawadi hiyo inaweza kuwa pikipiki mbili, au kasha la usafiri la miaka kadhaa.

Pili, gari liandikwe kwa jina la nani? Hapa ndipo parokia nyingi zinapasuka. Gari linanunuliwa kwa sadaka, karatasi zinaandikwa kwa jina la mchungaji «ili mambo yaende haraka», na baada ya miaka 4 mchungaji anahamishwa. Yeye anasema alipewa. Waamini wanasema walimkopesha. Ugomvi huo unagharimu zaidi ya injini mpya. Paulo, alipobeba mchango wa makanisa, alichukua tahadhari ili pasiwe na lawama, akitafuta yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Basi karatasi ziwe kwa jina la jumuiya, na kuwe na kitabu cha safari: tarehe, kilomita, nani alisafiri, kwa kazi gani, nani aliweka esansi. Kitabu hicho kisomwe mbele ya wazee kila miezi mitatu.

Tatu, tufikiri kugawana. Parokia tatu au nne jirani zinaweza kuwa na gari moja, dereva mmoja na kalenda moja. Gharama ya dola 243 kwa mwezi ikigawanywa kwa nne ni kama dola 61. Esansi kila moja inajilipia kilomita zake za ziada. Inahitaji uvumilivu, kwa sababu kila parokia italitaka Jumapili ile ile. Lakini kama tunahubiri kwamba sisi ni mwili mmoja, kalenda moja isitushinde.

Punda wa kuazimwa na mnyama wa Msamaria

Injili zinatuonyesha njia zote mbili. Bwana Yesu alipoingia Yerusalemu hakuwa na punda wake. Aliazima mwana-punda, na katika Marko 11:3 wanafunzi wanaagizwa kumwambia mwenyewe kwamba atarudishwa upesi. Mfalme aliazima bila aibu, akarudisha bila kukawia. Hapo kuna fundisho kwa sisi tusio na gari: kuazima si dhambi, lakini arudishaye gari bila esansi, chafu, na siku mbili baada ya ahadi, anamfundisha jirani yake kukataa mara nyingine.

Na katika Luka 10:34 Msamaria alikuwa na mnyama wake mwenyewe. Kama asingekuwa naye, angembebaje yule mtu aliyejeruhiwa? Lakini tazama: alipompandisha mtu yule, yeye mwenyewe ilimbidi atembee. Kisha akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Alikuwa na mnyama, na pia alikuwa na feza ya huruma iliyobaki. Wengi wetu tungenunua mnyama kwa feza yote, kisha tukapita upande wa pili kwa sababu hatuna dinari mbili.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama Mkristo anaweza kuwa na gari. Tuulize pia: baada ya kulinunua, je, mkono wangu bado utakuwa wazi?

Kabla ya kuamua

Kwa familia na kamati zinazofikiri jambo hili mwaka huu, tunapendekeza hatua nne.

Moja: chukueni karatasi mbili. Kwenye ya kwanza andikeni gharama zote za gari kwa mwaka, kwa bei za mji wenu, pamoja na fungu la majirani. Kwenye ya pili andikeni mnacholipa sasa bila gari. Mme na mke waandike pamoja, na kilomita za mama ziandikwe pia.

Mbili: fanyeni jaribio la miezi 6. Kila mwezi wekeni kando feza ambayo gari lingekula, katika koperative ya akiba au likelemba ya watu waaminifu. Katika mfano wetu ni dola 243. Mkishindwa mwezi wa pili, gari lingewashinda vilevile, ila mngekuwa mmekwisha kulipa 5000. Mkiweza, mwishoni mtakuwa na dola 1458 za kuanzia, na mtajua nguvu zenu.

Tatu: ulizeni gari litafanya kazi gani. Kama linaleta mapato ya biashara kila siku, kama nyumbani kuna mlemavu au mgonjwa wa mara kwa mara, kama kituo cha afya kiko mbali, karatasi ya kwanza inaweza kuwa nzito na bado jibu likawa ndiyo. Kama sababu kubwa ni kwamba jirani amenunua, ombeni kwanza.

Nne: mkikubaliana kutokununua, msibaki mikono mitupu. Nunueni kofia za kinga za pikipiki kwa kila mtu nyumbani. Wekeni bahasha ya dharura ya kukodi gari usiku, na namba za madereva wawili mnaowaamini zibandikwe ukutani. Katika mtaa, watu kumi wakichanga kidogo kila mwezi, yule mama wa saa nane za usiku atapata njia ya kufika hospitali, hata kama hakuna mmoja wenu mwenye funguo za gari.

Bwana awape hekima katika hesabu zenu, na amani nyumbani mwenu mtakapoamua.